Mbwa nilichelewa, paka nikawahi: uzoefu wangu wa kuwafunga kizazi

Nimeshapeleka wanyama watatu kwenye upasuaji huu: mbwa jike, halafu paka wawili wa tumbo moja, jike na dume. Ungeniuliza baada ya yule wa kwanza ningekuambia ni jambo la kutisha. Tofauti haikuwa kwa daktari. Ilikuwa kwangu mimi, na muda niliochagua.

Tunu, mbwa wangu, nilimwacha mpaka akafika miaka saba. Nilikuwa nimesikia kwamba mbwa jike lazima azae walau mara moja ndipo atulie, nikaamini bila kuuliza. Kila baada ya miezi sita hivi alikuwa akiingia joto, matone ya damu sakafuni kwa wiki mbili tatu, madume wa mtaa mzima wamekesha getini, na mimi ndiye mlinzi. Hakuzaa hata mara moja, maana sikuwahi kuwa tayari kulea watoto wa mbwa. Uzazi nilimnyima, upasuaji nao nikamnyima.

Kama mwezi na nusu baada ya joto lake la mwisho akaanza kunywa maji kupita kawaida. Bakuli nalijaza asubuhi, mchana halina tone. Kisha akasusa chakula na tumbo likaanza kujaa. Nilidhani kaokota kitu kibaya. Daktari wa mifugo alimpiga ultrasaundi akanionyesha: mfuko wa uzazi umejaa usaha. Akanieleza kwamba kila joto likipita, homoni huunenepesha ukuta wa mfuko kana kwamba mimba imeingia, hata kama hakupandwa. Joto baada ya joto, ukuta ule unazidi kuwa makao mazuri ya bakteria. Kwa Tunu mlango wa kizazi ulikuwa umefunga, ndiyo maana sikuona uchafu wowote ukitoka. Tungengoja, mfuko ungeweza kupasuka humo ndani.

Alipasuliwa jioni ileile, akakaa kwenye dripu siku tatu. Mfuko ambao ungetolewa akiwa mdogo, mwembamba kuliko kalamu, ulitoka mnene kama mkono wangu. Alipona, ila zile siku tatu mimi sikulala.

Kwa hiyo paka walipofika, Kibibi na kaka yake Shume, sikungoja kusimuliwa. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, anaibeba kama wiki tisa, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Na kwa paka, kuzaliwa tumbo moja si kizuizi. Nikaweka miadi kabla hawajatimiza miezi mitano.

Siku yenyewe Kibibi aliamka na mafua, daktari akakataa kumpa nusukaputi. Shume akaingia peke yake. Dakika chache tu, kipara kidogo nyuma, hakuna hata uzi mmoja wa kutolewa. Wakati wa kuondoka ndipo nikapewa onyo ambalo sikulitarajia: dume aliyehasiwa leo bado anaweza kumpa jike mimba kwa wiki kadhaa, kwa kuwa mbegu zilizokwisha kutengenezwa zinabaki kwenye mirija. Wakatengwa, kila mmoja na chumba chake, wakilaniana kupitia mlangoni, mpaka Kibibi naye alipofanyiwa. Yeye alitoka na mshono mfupi tumboni, ameyumba jioni nzima, na asubuhi anadai chakula kama vile hakuna kilichotokea. Kilichomtesa ni ile kola ya shingoni. Alikuwa anatembea kinyumenyume akijaribu kuikimbia. Nisingethubutu kuivua. Paka hulamba mshono mpaka ukafumuka.

Shume hajawahi kurusha mkojo ukutani, na usiku yupo ndani. Hilo la pili lina uzito kuliko linavyosikika, kwa sababu madume wanaozurura hupigana, na kuumana ndiyo njia kuu ya kuambukizana virusi vya ukimwi wa paka. Kibibi hajawahi kupiga zile kelele za joto. Vingine vyote viko palepale: mijusi bado inawindwa, na Tunu, niliyeambiwa atapoteza ukali, bado anambwekea kila apitaye.

Lawama zangu mbili. Kliniki ilinipa dawa za maumivu na maelekezo ya kidonda, lakini hakuna aliyefungua mdomo kuhusu chakula. Mnyama akishafungwa kizazi mwili unahitaji chakula pungufu huku hamu ya kula ikiongezeka; Shume akawa mto wa kochi kabla sijagundua. Pili, Tunu siku hizi huvuja mkojo kidogo akiwa usingizini. Hutokea kwa baadhi ya mbwa majike, na dawa ipo, lakini ningependa kuambiwa mapema. Na mwenye mbwa wa mbegu kubwa aulize kwanza kuhusu umri. Madaktari wengi hushauri mifupa imalize kukua.

Nyota nne kati ya tano. Ningetoa tano kama Tunu angepata kila alichopata Kibibi. Mbwa jike akifungwa kabla ya joto la kwanza, hatari ya uvimbe wa matiti hupungua sana, na faida hiyo huyeyuka kwa kila joto linalopita. Yeye alishapitia zaidi ya kumi. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi nampapasa matiti, moja baada ya jingine, nikitafuta kipunje. Yeye hulala chali, miguu juu, mkia unapiga sakafu, anadhani nambembeleza.