Krismasi Kottayam kwa rafiki yangu: fika kabla ya tarehe 22

Niko mwaka wa tatu wa masomo Bengaluru, India. Krismasi ya kwanza niliila hosteli, wali wa kununua na simu ya nyumbani Tanga iliyokuwa inakatika kila mama akianza kuimba. Ya pili, rafiki yangu tunayekaa naye chumba kimoja alikataa katakata nibaki peke yangu. Kwao ni kijijini, nje kidogo ya mji wa Kottayam, jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Nilikaa siku tisa. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu walioko masomoni huku, maana kila Desemba swali ni lile lile: twende wapi, na pesa zitatosha?

Nianze na lililoniudhi, ambalo ni safari. Treni za usiku kutoka Bengaluru kwenda Kottayam hujaa mapema mno. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla, nami nilikumbuka mwanzoni mwa Desemba, nikawekwa kwenye orodha ya kusubiri ambayo haikusogea. Nikaangukia basi la kampuni moja binafsi. Nauli iliyokuwa kama rupia 1,200 mwezi uliotangulia nililipishwa 2,900, basi likachelewa saa nne, na tulipolalamika kondakta akazima simu. Watu wa Kerala wanaofanya kazi Bengaluru ni wengi na wote wanarudi makwao wiki hiyo hiyo, kwa hiyo wenye mabasi wanajua huna pa kukimbilia. Hiyo 2,900 iliniuma, bado inaniuma.

Kuanzia hapo sina tena cha kulaumu isipokuwa mbu.

Joto lile ni la kwetu kabisa. Mchana nyuzi 31 au 32, jasho la pwani, minazi, migomba, mipera uani. Mti wa mapera wanauita pera. Meza wanaiita mesha. Ni Wareno hao hao waliopita kwetu na kwao, wakaacha maneno yale yale, na mimi nilikuwa nayaokota nyumba nzima kama mtu aliyeona vyombo vya kwao kwa jirani. Kwenye kila kibaraza kumetundikwa nyota kubwa ya karatasi yenye taa ndani. Nyota, si mti. Usiku ukipita barabarani unaziona zinaning'inia mpaka kwenye nyumba za Wahindu, na hakuna anayeshangaa.

Nilifika tarehe 21, na hii ndiyo nasaha yangu kubwa: usifike tarehe 24 kama wageni wengi. Familia ile ni Waorthodoksi, watu wanaoamini kwamba Mtume Tomaso alifika pwani yao mwaka 52, na kabla ya Krismasi wana mfungo wa siku 25. Hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna yai. Siku tatu nilikula nao muhogo wa kuchemsha, dengu na mboga za nazi. Mimi ni Mlutheri, sikuzoea mfungo wa namna hiyo, lakini nisingeukosa kwa chochote. Ukija mfungo umekwisha unakuta karamu tu, hujui ilikuwa inangojewa kwa hamu gani.

Mwenye jikoni ni bibi wa rafiki yangu. Wote wanamwita Ammachi, nami nikamwita hivyo. Asubuhi ya tarehe 24 alikataa nisiguse kitu, mgeni hafanyi kazi. Kisha akavuta kutoka chini ya mesha kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno. Ni mbuzi! Wao wanakiita chirava, lakini ni mbuzi ya kukunia nazi, ile ile ya bibi yangu Pangani. Nikamwomba kwa ishara nikune moja tu. Nikakaa, nikazungusha kifuu taratibu, nikaachia pale ganda la kahawia linapoanza ili chicha zisiingie weusi. Ammachi alichota kidogo, akazitazama nyeupe kiganjani, akanisogezea nazi zote zilizobaki, kumi na moja. Tangu hapo akawa ananiita "mole", yaani binti yangu.

Wanakamua tui mara tatu. La kwanza, kasimile yenyewe, liliwekwa kando. La pili na la tatu likapikia kuku na viazi pamoja na iliki, karafuu, mdalasini, tangawizi na pilipili mbichi zilizopasuliwa katikati. Kasimile iliingia mwisho kabisa moto ukiwa umepunguzwa, akikoroga mwenyewe bila kumwachia mtu, lisije likakatika. Mchuzi huo mweupe wanauita ishtu na unaliwa na appam. Ukiona appam utasema ni vibibi: mchele uliorowekwa, ukasagwa na nazi, ukalala usiku uumuke. Lakini hawakutia hamira, walitia tembo la mnazi, changa, lililoletwa na mgema jioni kwenye chupa ambayo povu lilikuwa linasukuma kizibo. Kikaango chao ni kidogo na kina shimo kama bakuli. Unamimina upawa mmoja, unakishika mikono yote miwili na kukizungusha mara moja, unafunika. Ukingo unatoka mwembamba wenye matundu kama lesi, katikati panabaki pamevimba laini. Yangu matatu ya kwanza yalipasuka. La nne Ammachi alilila yeye.

Ibada ilianza saa tisa usiku. Viatu unaacha nje, wanawake tunafunika kichwa na kusimama upande wetu. Ammachi alivaa nguo nyeupe tupu za wazee wa Kikristo wa huko, blauzi pana na shuka iliyokunjwa nyuma marinda kama upepeo, kila rinda limenyooshwa kwa vidole kabla hatujatoka. Lugha ni Kimalayalamu, na nyimbo nyingine ni za Kisiria, tawi la Kiaramu. Ni ibada ndefu, na kama miguu yako haizoei kusimama jiandae. Ila katikati ya ibada wote tulitoka uani. Palichimbwa shimo la umbo la msalaba, moto ukawashwa ndani, na watu wakapita wakitupa ubani na makuti makavu waliyopewa Jumapili ya Mitende na kuyatunza nyumbani tangu siku hiyo. Kwetu majani ya Mitende hukauka juu ya mlango mpaka mtu anayasahau. Ammachi alikata lake vipande viwili, akanipa kimoja nikatupe.

Tukafungulia alfajiri kwa appam na ishtu. Mchana kulikuwa na bata wa kuchoma kwa viungo, ng'ombe aliyekaangwa na vipande vya nazi (ndiyo, Kerala ng'ombe analiwa, tofauti na majimbo mengi), samaki wa mchuzi mwekundu mkali, keki nyeusi ya matunda, na divai ya zabibu waliyoivundika wenyewe nyumbani. Kwa bata peke yake ningerudi.

Tarehe 27 tulikodi boti la nyumba, yaani boti lenye vyumba, huko mji wa Alappuzha, sita kwa rupia 9,000 kutwa. Maji ni mazuri, mashamba ya mpunga yako chini kuliko usawa wa maji na unayaona ukiwa umekaa, lakini msimu huo boti zimesongamana na za jirani zinapiga muziki. Kwa mwanafunzi sishauri. Panda kivuko cha serikali cha kati ya Alappuzha na Kottayam. Nauli ni rupia chache na unapita mifereji ile ile ukiwa na watu wanaotoka sokoni.

Chakula na malazi sikulipa hata senti, walikataa. Usitoe pesa, utawaudhi. Mimi nilipeleka kanga, Ammachi akaikunja akaifungia kabatini bila kuivaa, ambayo rafiki yangu aliniambia ni heshima kubwa.

Mwaka huu tiketi ya treni nilikata siku ile ile zilipofunguliwa, kufika tarehe 19. Wao tui wanakamua kwa mkono na kitambaa, na mwaka jana nilimwelezea Ammachi kifumbu, kile kichujio chetu cha kusuka cha kukamulia tui, kwa kuchora kwenye gazeti. Juzi ameuliza kama naweza kuja nacho. Mama amenunua viwili soko la Mgandini, na mwenzetu anayesafiri mwezi huu amekubali kuvibeba.