Red Sea ndoo ya buluu, Coral Pro au Instant Ocean: chumvi ipi kwa tangi la Malindi?

Mwenye tangi la maji chumvi Malindi hakosi kuulizwa: ya nini kuagiza ndoo ya chumvi ilhali Gongoni na Marereni inavunwa kutoka bahari hii hii, nyeupe pepepe, tena kwa bei ya chini? Jibu limo katika uvunaji wenyewe. Maji ya bahari yakianikwa kwenye mabwawa, chokaa hutangulia kuganda, ikafuata jasi, ndipo ikaja chumvi ya kula. Magnesiamu na potasiamu, karibu zote, hubaki kwenye maji machungu ya mwisho, na hayo humwagwa. Kilichomo guniani kimetoka baharini lakini si bahari tena, na matumbawe hayajengi mifupa kwa chumvi ya kula peke yake. Ile ya pakiti ya mezani ndiyo haifai kabisa: imetiwa madini joto kwa amri ya sheria, na mara nyingi kiungo cha kuzuia isigandamane.

Basi tuje kwenye ndoo, yaani chumvi za dukani za kutengenezea maji ya bahari tangini: mbili za kampuni ya Red Sea, ile ya ndoo ya buluu na Coral Pro, na ya tatu Instant Ocean. Kipimo cha kulinganishia ni bahari yenyewe ikiwa na gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji: alkali (uwezo wa maji kuzuia asidi, unaopimwa kwa nyuzi ziitwazo dKH) karibu dKH 7, kalsiamu miligramu 410 hadi 420 kwa lita, magnesiamu karibu 1,290. Red Sea ya ndoo ya buluu inaikaribia sana: alkali 8 hivi, kalsiamu 430 hadi 450, magnesiamu karibu 1,300. Instant Ocean ina alkali ya juu kidogo, 10 au 11, na kalsiamu karibu na 400. Kwa tangi la samaki watupu haina neno. Coral Pro ndiyo nzito: alkali karibu 12, kalsiamu 455 hadi 475, magnesiamu karibu 1,400. Imekusudiwa matumbawe magumu yanayokua haraka.

Kwa joto la hapa, Coral Pro ndiyo inayosumbua. Alkali na kalsiamu zikiwa nyingi pamoja, chokaa iko tayari kuganda wakati wowote, na maji ya nyuzi 29 huiharakisha. Mtengenezaji mwenyewe anaonya isikorogwe zaidi ya saa 4. Ukiiacha pipani usiku kucha pampu ikizunguka, asubuhi utakuta utando mweupe ukutani mwa pipa, na ukipima alkali imeshuka. Hapo usiongeze chumvi kufidia: kilichoganda hakirudi majini kwa kuongeza chumvi, utapandisha ukali wa maji tu. Pampu isuguliwe kwa siki. Anayeitaka Coral Pro aichanganye alfajiri, kivulini, na aitumie mara ikishayeyuka.

Kuchanganya kwenyewe hakuna siri. Kwa lita 40, maji matamu hutangulia pipani, pampu iwashwe, kisha chumvi imiminwe kidogo kidogo mahali mkondo unapopita. Kamwe usimwage maji juu ya lundo la chumvi. Chini pale ukali hupanda ghafla na chokaa huganda kabla hujageuka. Red Sea inataka gramu 38 hivi kwa lita, yaani karibu kilo moja na nusu kwa pipa hilo. Pima kwa mizani, si kwa kikombe. Hata mizani, kwa unyevu wa pwani, hudanganya, maana chumvi iliyonyonya maji ina uzito usio wake. Anza na kilo 1.4, subiri iyeyuke, upime, ndipo umalizie.

Upimaji ufanywe kwa rifraktomita, chombo kinachopima chumvi majini kwa kupinda kwa mwanga, iliyosawazishwa kwa maji ya kipimo yenye gramu 35 za chumvi kwa kilo, kwani kuisawazisha kwa maji safi peke yake hakutoshi. Kipimo cha kuelea kilichotengenezewa nyuzi 25 kitasoma 1.025 badala ya 1.026 kwenye maji ya nyuzi 29 ambayo kwa kweli ni sawasawa, nawe utaongeza chumvi bure. Chumvi ikifika gramu 38 kwa kilo, ongeza lita tatu na nusu za maji matamu kwenye zile 40. Ikiwa 32, ongeza gramu 130 hivi za chumvi.

Na hayo maji matamu yatoke wapi? Ya bomba, yanayotoka Baricho kwenye Mto Sabaki, yana klorini na madini yake. Ya kisima mengi yana chumvi chumvi tayari. Ya mvua ni mazuri, ila yakikaa kwenye jabia la saruji huchukua chokaa. Bora ni ya kuchujwa yanayojazwa kwenye mitungi ya lita 20, lakini yapime kwanza: baadhi ya wauzaji huongeza madini kwa ajili ya ladha.

Aliye karibu na ufuo ana njia nyingine: maji ya bahari yenyewe, yakichotwa wakati wa bamvua maji yamejaa. Upepo wa kusi ukivuma, tope la Sabaki huelekea kaskazini, Mambrui. Wa kaskazi huligeuzia mjini, na mvua za vuli zikishajaza mto, Novemba na Desemba, maji ya ghuba huwa kama chai ya maziwa. Miezi hiyo ndoo ina thamani yake.

Hukumu yangu: ndoo ya buluu kwa watu wengi, Instant Ocean kwa samaki watupu, Coral Pro kwa anayepima alkali kila siku chache na matumbawe yake kweli yanaimaliza. Yoyote utakayochukua, mara tu ukiifungua igawe kwenye makopo yenye mfuniko wa kubana, ya kutosha pipa moja moja. Ikishagandamana kuwa jiwe, usiitwange ukaitumia kwa matumbawe. Chokaa imeshaungana humo ndani na haitayeyuka.