Korongo wa alumini kavunjika mguu: uzoefu wangu na mafundi wa Kigoma

Kama una pambo la bustani la alumini ya kusubu, yaani iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu, limevunjika na uko Kigoma, usihangaike na mafundi wa mageti na madirisha. Nenda Kibirizi, ulizia wanaotengeneza mashine za boti. Mimi nimeridhika, ingawa yapo mawili matatu ya kulalamikia, na nitayasema.

Pambo langu ni korongo anayenifika kiunoni, nilimnunua Dar es Salaam, akawekwa mbele ya nyumba yangu ya wageni huku Mwanga. Mvua zikaangusha tawi la mwembe, likamkumba vibaya: mguu mmoja ukakatika juu kidogo ya kifundo, ncha ya mdomo ikaruka, bawa likapata ufa. Alumini ya kusubu haipindi kama ya dirisha, inavunjika kavu. Ukipaangalia palipokatika unaona punjepunje za kijivu na vitundu vidogo, hewa iliyonaswa wakati wa kusubu.

Nikiwa safarini, kijana wa bustani akampeleka kwa fundi wa kuchomelea wa jirani. Sitamtaja, ni mtu mwema na mageti yake ni mazuri. Lakini alitumia rodi zake zilezile za chuma. Niliporudi nikakuta mguu haujaunga na juu yake pana tundu linaloingia kidole, na bado natakiwa kulipia rodi. Nikalipa. Ugomvi na jirani hauna faida.

Fundi wa Kibirizi alipoliona lile tundu alicheka. "Mama, huyu kachomwa kama geti. Alumini ukiichoma hivyo unabaki na uji."

Kisha akanielewesha, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nimwachie kazi. Chuma kinayeyuka kwenye nyuzijoto kama 1,500 za Selsiasi, na kabla hakijafika huko kinakuwa chekundu, fundi anaona na kujipanga. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, ya kusubu hata chini ya hapo kwa sababu imechanganywa na silikoni ili itiririke vizuri kwenye kalibu, na haikupi rangi yoyote ya kukuonya. Juu yake kuna ngozi nyembamba ya oksidi, yaani alumini iliyoungana na hewa, isiyoyeyuka mpaka zaidi ya nyuzi 2,000. Kwa hiyo juu unaona bado kugumu, kumbe ndani kumeshalainika, na ghafla kipande chote kinadondoka.

Yeye anaijua alumini kwa sababu ya propela. Propela nyingi za mashine za boti zimesubiwa kwa alumini, na huku ziwani zinagonga mawe na mchanga kila siku, ncha zinameguka, zinaletwa zijazwe. Watu hupenda kusema mji wenye Liemba hauwezi kukosa fundi, na ni kweli ile meli ilikuja kutoka Ujerumani vipandevipande ikaunganishwa hapahapa Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915. Ila Liemba ni chuma na ribiti. Korongo wangu alihitaji watu wa propela.

Hakuwasha mashine mara moja. Kwanza alimgongagonga tumboni kwa mpini wa bisibisi, akamtikisa, akaniambia nisikilize. Maji! Kumbe mwili una uwazi ndani, na mvua zilikuwa zikiingia kwenye ufa wa bawa. Akatoboa tundu dogo chini ya tumbo kwa drili, yakatoka maji meusi yenye harufu ya majani yaliyooza. Akasema kuchoma kitu kilichofungiwa maji ni hatari, mvuke ukikosa njia unapasua. Lile tundu hakuliziba, na mpaka leo ndiyo njia ya maji kutokea.

Kisha usafi, na hapa ndipo alipotumia muda mwingi kuliko kuchoma kwenyewe. Akaosha kwa sabuni ya unga, akakausha juani, akakata rangi kwa msasa kuzunguka jeraha, akafuta na asetoni. Ana brashi ya waya za chuma cha pua anayoihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, na kijana wake alipoigusa ili asugulie kitu kingine alifokewa. Brashi hiyo haigusi chuma cha kawaida kamwe, kwa sababu chembe za chuma zikibaki kwenye alumini zinaharibu kiungo. Akapiga tupa pande zote mbili za mguu mpaka ukatokea mfereji wa V, akatoboa katikati ya kila kipande na kuingiza kipini cha alumini ili mguu usiyumbe. Lile tundu la fundi wa kwanza alilichonga kingo mpaka akafikia alumini safi.

Mguu ukawekwa kwenye jiko la mkaa, moto wa wastani, mpaka tone la maji likidondoshewa linaruka. Alumini inanyonya joto na kulisambaza upesi kuliko chuma, kwa hiyo ukianza na kipande cha baridi, moto wa mashine unakimbilia mwilini na kiungo hakishiki, au kinashika halafu kinapasuka kikipoa. Ndipo akawasha mashine ya kuchomelea ya argoni, gesi inayokinga kiungo kisiguswe na hewa. Umeme ulikatika katikati ya kazi, tukakaa tukingoja, na uliporudi akaanza upya na brashi na jiko, hakuendelea alipoachia. Alipomaliza alimfunika kwa mchanga mkavu apoe taratibu. Kijana mmoja alitaka kumwagia maji, akafukuzwa.

Sasa malalamiko. Gharama ilikuwa shilingi 60,000, nusu mkononi kabla ya kazi. Kwa mguu wa ndege si pesa ndogo, lakini mtungi wa argoni ni ghali, na nilisubiri sana mpaka mwingine ufike kutoka Dar. Ahadi ya "kesho mama" niliisikia mpaka ikanichosha. Na kiungo kimevimba: upande mmoja amepiga tupa vizuri, upande wa ndani kauacha kama ulivyo, akisema hauonekani. Wageni wangu hawauoni kweli. Mimi nauona.

Mdomo na bawa nilifanya mwenyewe kwa gundi ya mirija miwili, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, mmoja mweusi mmoja mweupe, nililipa 8,000. Kwa sehemu isiyobeba uzito gundi hiyo naisifia. Piga msasa mpaka alumini ing'ae, na upake palepale, usiende kula kwanza, kwa maana ile oksidi inajirudishia yenyewe haraka. Changanya sawa kwa sawa mpaka rangi iwe moja bila michirizi, funga kwa mpira, acha ilale hadi kesho yake. Kwa mguu usijaribu. Na gundi ije baada ya kuchoma, kwa kuwa joto linaiunguza.

Kuna pia vijiti vya kuunganishia alumini kwa tochi ya gesi, vinauzwa sana mitandaoni. Vinayeyuka kwenye nyuzi kama 400, alumini yenyewe haiguswi. Nimeviona vikishika vizuri kwenye bomba jembamba la kiti cha bustani cha rafiki yangu. Kwenye kitu kinene kama mguu wa korongo, tochi ndogo haitoshi kupasha, kijiti kinabaki vidonge juu juu, ukikwaruza kinabanduka.

Rangi usipake moja kwa moja, itabanduka. Ulizia praima ya alumini, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, kwenye maduka ya rangi za magari.

Jambo la mwisho aliligundua fundi, mimi nisingelifikiria. Korongo alikuwa amefungwa kwenye zege kwa bolti za chuma, na kuzunguka kila bolti alumini ilikuwa imeota unga mweupe na kulika. Chuma na alumini vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Ule mguu wa pili, ambao haukuvunjika, nao ulikuwa mbioni kukatika. Nikanunua bolti za chuma cha pua, naye akakata vipande vya mpira wa tairi la ndani, akavipitisha chini ya kila nati na kati ya nyayo na zege, pamoja na kipande cha bomba la plastiki ndani ya kila tundu ili bolti isiguse alumini. Hiyo hakunitoza. Ukienda kwake beba na bolti zako, na vipande vyote vilivyovunjika hata viwe vidogo, kwa sababu huvitumia kupimia umbo kabla hajajaza.