Upasuaji wa mtoto wa jicho: uzoefu wangu mimi fundi cherehani

Jicho la kulia lilianza kunisumbua kwenye nguo nyeusi. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi nilikuwa siuoni kabisa. Usiku taa za magari zikawa zinatawanyika, na miwani mipya ikanisaidia muda mfupi tu. Maumivu hayakuwepo. Mtoto wa jicho ndivyo alivyo: lenzi ya ndani ya jicho inaingia ukungu taratibu, na hakuna matone wala mitishamba ya kuuondoa.

Majirani wakanishauri ningoje akomae kwanza. Daktari akasema huo ni ushauri wa zamani. Siku hizi unafanyiwa upasuaji pale jicho linapokukwamisha kazi, na lenzi ikikomaa mno inakuwa ngumu kuitoa. Alinipima sukari na presha ya macho pia, maana presha hiyo ikishaharibu mshipa wa fahamu, uoni uliopotea haurudi. Akaongeza kwamba jicho linalouma, lililo jekundu au lililozima ghafla si la kusubiri miadi, wala mtoto mdogo mwenye weupe ndani ya mboni.

Upasuaji wenyewe? Sindano ya ganzi ndiyo iliyonifanya nishike kitanda kwa nguvu. Baada ya hapo nilihisi maji tu na kuona mwanga, na nusu saa haikuisha. Kesho yake bandeji ikatolewa. Ile shela niliyokuwa naishona nikidhani ni ya krimu, kumbe nyeupe pe! Nikifumba jicho hilo na kutazama kwa la kushoto, inarudi kuwa rangi ya chai ya maziwa.

Wauguzi nawapa alama zote. Walirudia maelezo ya matone mpaka nikayakariri. Ninachowalaumu ni kitu kimoja: hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani. Nguvu ya lenzi bandia, ile inayowekwa mahali pa lenzi yenye ukungu, huchaguliwa kabla ya upasuaji, kwa vipimo vya jicho, na mara nyingi hulengwa kuona mbali. Sasa namba ya daladala naisoma ikiwa ng'ambo ya barabara, lakini tundu la sindano silioni bila miwani ya kusomea. Miwani si ghali, ila ningependa kuulizwa.

Jicho la kushoto nitalipeleka hapo hapo, ila sipandi kitandani kabla hatujaongea habari ya lenzi.