Kuchagua chumba katika meli ya kitalii ukiwa unaogopa bahari kuu: tathmini ya roshani zinazotazama bustani

Mtu akimwambia wakala wa safari kwamba anaogopa bahari, karibu kila mara hupewa jibu moja: achukue chumba cha ndani kisicho na dirisha, katikati ya meli, kwenye sitaha za chini. Jibu hilo si la uongo, ila ni dawa ya ugonjwa mwingine. Linamfaa anayesumbuliwa na kichefuchefu meli inapokwenda mrama, na halimsaidii sana yule ambaye tumbo lake ni zima lakini moyo humwenda mbio akitazama maji yasiyo na mwisho. Mimi ni wa kundi hilo la pili. Nimelala katika chumba cha ndani cha kawaida kwenye meli ya kampuni moja ambayo sitaitaja, na baadaye katika chumba chenye roshani inayotazama bustani ndani ya Utopia of the Seas, na naona tofauti kati ya vyumba hivyo viwili inastahili kuelezwa kwa urefu, hasa kwa wenzangu tunaoishi Marekani, ambako matangazo ya safari za Bahamas hayakosekani kwenye simu na ndugu hawachoki kutualika.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kichefuchefu hutokea sikio la ndani linapohisi mwendo ambao macho hayauoni, na ndiyo sababu mabaharia humwambia anayetapika atoke nje akatazame upeo wa macho. Mwendo wenyewe haulingani kila mahali melini: omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, inapopanda wimbi na kushuka, aliyelala omo au tezi, yaani nyuma, hunyanyuliwa na kushushwa zaidi kuliko aliye katikati, na meli inapoyumba ubavu kwa ubavu, wa sitaha za juu husogezwa mbali zaidi kuliko wa chini. Meli kubwa za leo zina mapezi ya chuma yanayochomoza ubavuni chini ya maji kupunguza kuyumba kwa ubavu, ingawa hayafanyi mengi dhidi ya kupanda na kushuka kwa omo. Kwa hiyo chumba cha chini katikati ni chaguo la busara kwa mwenye tumbo jepesi. Mwenye hofu, kwa upande wake, hukuta kwamba tiba ya kichefuchefu, yaani kuutazama upeo, ndicho kitu hasa asichoweza kukifanya, na kwamba kujifungia mahali asipouona humtibu jambo moja na kumzidishia jingine.

Chumba cha ndani nilicholala kilikuwa safi, kitanda kilikuwa kizuri, na bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Taa ilipozimwa, hata hivyo, giza lake lilikuwa la aina ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona nchi kavu. Hakuna mwanga wa mwezi, hakuna taa ya jirani, na huwezi kujua kama ni saa nane za usiku au saa mbili za asubuhi. Katika giza hilo kila sauti hukua. Vibanio vya nguo ndani ya kabati viligongana kwa mpigo wa polepole meli ilipoyumba, na mpaka nilipoinuka kuvikaza kwa taulo nilikuwa nimeshavisikiliza kwa muda mrefu nikijaribu kukisia ukubwa wa mawimbi. Wazoefu huwasha runinga kwenye chaneli inayoonyesha picha ya kamera ya omo, bila sauti, ili ipambazuke chumbani kunapopambazuka nje. Hila hiyo ni nzuri kwa anayesumbuliwa na giza tu. Anayeogopa bahari yenyewe atakuwa ameilipia bahari iletwe miguuni pa kitanda chake.

Yapo pia yanayotokana na mahali mtu alikokulia. Kwa sisi wa kanda ya ziwa, neno meli halitenganishwi kirahisi na Mei 1996, MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza na mamia ya watu wakafa, wengi wao wakiwa wamenaswa ndani. Hofu iliyolelewa na habari kama ile haihusu mandhari ya maji peke yake, bali pia kuta, korido nyembamba na milango. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, hata kama meli ni ya kisasa na imara kiasi gani, umemweka mahali ambapo fikra zake zilikuwa zikimpeleka tangu utotoni. Wakala aliyenipendekezea chumba kile hakuniuliza hata mara moja ninachokiogopa ni nini hasa, na sidhani ni yeye peke yake asiyeuliza.

Utopia of the Seas ilianza safari zake Julai 2024 na ni meli ya sita ya daraja la Oasis, yaani kundi la meli zenye muundo mmoja, la kampuni ya Royal Caribbean. Ya kwanza, Oasis of the Seas, ilianza kazi mwaka 2009. Jambo linalozitofautisha meli hizi na nyingi nyingine ni kwamba sehemu yake ya juu haikujengwa kama jengo moja, bali imepasuliwa katikati kwa urefu na kuachwa wazi hadi angani. Ndani ya mpasuko huo, kwenye sitaha ya 8, iko bustani iitwayo Central Park, yenye maelfu ya mimea halisi na njia za kutembea, na juu yake, pande zote mbili, zimepangwa ghorofa kadhaa za vyumba ambavyo roshani zake zinatazama bustani. Ukiwa kwenye roshani hiyo unapata hewa ya nje, mwanga wa jua na mvua ikinyesha, lakini bahari huioni kabisa.

Roshani yenyewe ni ndogo: viti viwili na meza ya kuweka kikombe. Asubuhi, bustani ikiwa imetoka kumwagiliwa, harufu ya udongo uliolowa hupanda hadi juu, na kwa mtu ambaye mwili wake umekaa tayari kwa hofu harufu hiyo hufanya kazi ambayo hakuna maelezo ya nahodha yangeweza kuifanya. Mlango ukiachwa wazi kidogo unasikia watu wakizungumza chini na vyombo vya mkahawa vikigongana. Mwendo wa meli hausahauliki moja kwa moja, kwa maana nyayo huuhisi, na ukiinua macho kwa makini utaona mawingu yakiteleza juu ya ule ufa wa anga, na kivuli kikihama ukutani kwa haraka isiyo ya kawaida meli inapogeuka. Hata hivyo macho yana kitu cha kushika, na niligundua kwamba kutazama mti uliotulia kulinipa utulivu ambao kutazama ukuta hakukunipa. Mke wangu, ambaye bahari ni rafiki yake, alikuwa akipanda sitaha za juu kuitazama atakavyo na kurudi chumbani tukiwa hatujagombana.

Kasoro zipo, na zinatokana na mpangilio wenyewe. Roshani zinatazamana, kwa hiyo jirani wa ng'ambo anakuona kama unavyomwona, na anayejali sitara atalazimika kufunga pazia kila anapobadili nguo. Jua huingia kwa saa chache tu za mchana. Jioni kuna muziki chini, ingawa si wa kelele. Bei mara nyingi hukaa katikati, juu ya chumba cha ndani na chini ya roshani ya bahari, na kwa maoni yangu nyongeza hiyo ina thamani kwa mwenye hofu kuliko chochote kingine kinachouzwa melini, kikiwemo kile kifurushi cha vinywaji ambacho kila mtu anahimizwa akinunue.

Tahadhari moja ni muhimu. Meli hizo zina mtaa mwingine ulio wazi, Boardwalk, kuelekea tezi, nao una roshani zinazotazama ndani. Usivichanganye vyumba vya mitaa hii miwili kwa sababu tu majina ya madaraja yake yanafanana, kwani Boardwalk iko wazi upande wa nyuma, na ukigeuza shingo unaiona bahari pamoja na mkondo mweupe wa maji unaoachwa na meli. Kwa baadhi ya watu hicho ni kipimo kizuri cha kujizoesha kidogo kidogo. Kwa wengine ni kinyume kabisa cha walichokilipia.

Asiyepata nafasi katika meli hizi bado ana njia nyingine. Kuna vyumba vya ndani vyenye dirisha linalotazama barabara ya maduka iliyo ndani ya meli, ambavyo huondoa giza lakini si kelele za watu. Kuna vile ambavyo Royal Caribbean ilianza kuviweka Navigator of the Seas mwaka 2014, vyenye skrini kubwa ukutani inayoonyesha picha ya nje ya wakati huohuo, na kabla yake, mwaka 2011, Disney Dream ilikuwa na madirisha ya duara ya namna hiyohiyo ambamo wahusika wa katuni hupita mara kwa mara. Ubora wake ni kwamba unaweza kuizima bahari ukichoka nayo. Ikiwa kinachokutisha ni kimo na wazo la kuanguka, meli ya Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York, ina roshani za sitaha za chini zilizochongwa ndani ya ubavu wa meli, na kizuizi chake cha mbele ni chuma kisichopenywa na macho badala ya kioo, hivyo ukiketi unaona anga na ukisimama ndipo unapoona maji. Na vile vyumba vinavyouzwa kwa bei pungufu kwa sababu dirisha limezibwa na boti ya kuokolea, ambavyo wengi huvikwepa, mimi ningevichukua kwa furaha. Mwanga unaingia, maji yamefichwa, na kinachoyaficha ni boti. Nisichokipendekeza kwa mwenye hofu ni chumba cha dirisha kwenye sitaha za chini kabisa, ambapo mawimbi huonekana kwa karibu mno na bahari ikichafuka povu hupiga kioo.

Mahali pa chumba kwenye ramani ya meli panastahili uangalifu uleule. Omo hukaa karibu na nanga na mashine za kusogeza meli kando inapofunga gati, na mngurumo wake alfajiri unaweza kumfanya mwoga adhani meli imegonga mwamba. Tezi hupokea mtetemo wa rafadha, yaani pangaboi zinazoisukuma meli. Vyumba vya Central Park viko katikati, mbali na yote mawili. Kwa mwenye hofu ya kunaswa ningeongeza kipimo ambacho mawakala hawakitaji, nacho ni umbali kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi. Chagua chumba kilicho milango michache tu kutoka kwenye ngazi kubwa, na ukishapanda melini tembea mwenyewe hadi kituo cha kukusanyikia kilichoandikwa kwenye kadi yako, kwa ngazi wala si kwa lifti, kisha urudi. Tangu mwaka 2015 mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unadai zoezi la dharura kwa abiria lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka, sharti lililokazwa baada ya ajali ya Costa Concordia ya Januari 2012, ambapo baadhi ya abiria walikuwa bado hawajafanya zoezi lolote. Siku hizi sehemu ya zoezi hufanyika kwa kutazama video kwenye simu, na wengi hulipita haraka ili wakawahi bwawa la kuogelea. Mwenye hofu asilipite. Afike kituoni, amsikilize mhudumu, na akipenda atoke nje azitazame boti zenyewe. Oasis of the Seas ilijengwa na boti 18, kila moja ya watu 370, na ukubwa wa chombo kimoja kama hicho ukionekana kwa macho hutuliza kuliko takwimu.

Njia ya safari nayo ichunguzwe kabla ya kulipa. Utopia hufanya safari fupi za usiku tatu au nne kutoka Port Canaveral, Florida, kwenda Nassau na kisiwa cha CocoCay, na kote huko meli hufunga gatini, abiria wakashuka kwa miguu yao. Si bandari zote ziko hivyo. Grand Cayman, kwa mfano, meli hubaki nje na abiria hupelekwa nchi kavu kwa boti ndogo, na mtu aliyekaa siku mbili akijituliza bustanini anaweza kuupoteza utulivu wote kwenye ngazi ya kuingilia boti hiyo. Msimu wa vimbunga wa Atlantiki huanza Juni na kuisha Novemba, na katika baadhi ya miezi hiyo bei huwa nafuu; mimi ningelipa zaidi niende mwezi mwingine.

La mwisho ni namna ya kukata tiketi. Kampuni nyingi hutoa bei ya punguzo kwa anayekubali kuchaguliwa chumba na kampuni yenyewe siku za mwishoni, ndani ya daraja alilolipia. Kwa abiria asiye na hofu hiyo ni biashara nzuri. Mwenye hofu anunue chumba chenye namba, aipate namba hiyo kwa maandishi siku ya malipo, na aiangalie kwenye ramani ya sitaha ya meli hiyohiyo, kwa kuwa hata meli za daraja moja hazipangwi sawasawa. Wakala akimpigia baadaye kumpa ofa ya kumpandisha kwenye roshani ya bahari bila malipo, ana haki ya kukataa.