Themometa ya Kuyeyushia Plastiki ya Chambo: Ipi Ununue Kwanza

Plastisoli, ile plastiki laini ya kutengenezea chambo bandia, ni unga wa PVC ulioelea ndani ya mafuta ya kulainisha. Ikiwa baridi ni nyeupe na nyepesi kama maziwa. Ukiipasha moto inakuwa uji wenye mabonge, kisha inalainika tena na kung'aa. Inaiva ikikaribia nyuzi 177 za Selsiasi (350 za Fahrenheit). Ukiimimina mbichi, chambo kinatoka na ukungu, kinachanika upesi na kinavuja mafuta. Ikikaribia 200 inageuka manjano, halafu kahawia, na inaanza kutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni inayochoma macho na koo. Nafasi yako ni nyuzi ishirini na kitu tu. Themometa inayokosea kwa kumi imeshakula nusu yake.

Namba moja ni themokapo ya aina K (kipimajoto cha nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani) yenye kijiti chembamba na kioo cha tarakimu. Inahisi joto kwenye ncha peke yake, kwa hiyo hata plastiki yenye kina cha sentimita 2 kikombeni inapimika. Tafuta kijiti cha chuma cha pua chenye unene wa milimita 1.5 hadi 3 na urefu wa sentimita 10 au zaidi, ili mkono ukae mbali na mvuke. Kadiri kijiti kinavyokuwa chembamba, ndivyo jibu linavyokuja haraka. Usichukue ile ya waya usio na kijiti, uliofunikwa nyuzi za kioo: plastiki inaingia kwenye nyuzi hizo na haitoki tena. Unapopima, koroga kwanza, kisha weka ncha katikati bila kugusa kitako wala ubavu wa chombo. Kama unatumia maikrowevu, toa kikombe nje ndipo uchovye. Kijiti cha chuma hakiingii humo.

Ya pili ni ya infraredi, ile yenye umbo la bastola. Wengi huikimbilia kwa sababu haigusi plastiki na inajibu papo hapo, na kwa mtu anayemimina vikombe vingi vya rangi tofauti ni msaada mkubwa. Lakini inasoma uso tu. Plastiki ikitulia kwa sekunde chache, juu inapoa na kushika utando huku katikati bado ni moto sana. Unasoma 160, unaongeza moto, na chini kumeshaungua. Kwa hiyo koroga mpaka kitako, kisha pima wakati plastiki bado inazunguka. Jambo la pili ni uwiano wa umbali na doa. Themometa ya 12:1 ikiwa sentimita 24 kutoka kwenye plastiki inasoma duara la sentimita 2. Ya 8:1 inasoma duara la sentimita 3, na kwenye kikombe kidogo duara hilo linaweza kumeza ukingo wa chombo. Nukta nyekundu ya leza haipimi chochote, inaonyesha uelekeo tu, na ukisogea karibu sana inapishana na mahali panaposomwa kweli. Weka emisiviti (kipimo cha jinsi uso unavyotoa mionzi ya joto) 0.95. Usiielekeze kwenye sufuria ya alumini inayong'aa, maana itakupa namba ya chini mno. Pima kwa pembeni kidogo, moshi usiguse lenzi.

Themometa ya tarakimu ya kupimia nyama inashika nafasi ya tatu. Inafaa kwa kuanzia, ila soma kikomo chake kabla ya kulipa. Inayoishia 200 inakuacha gizani pale pale unapoihitaji. Tafuta ya 250 au 300. Nyingi huchelewa sekunde kadhaa, na kikombe kidogo kinapoa wakati unasubiri.

Ya mshale inahitaji kuzama sentimita 5 hivi, kwa sababu sehemu inayohisi joto imeenea ndani ya kijiti, haiko nchani peke yake. Ni ya chungu kikubwa tu. Ya kioo ni ya mwisho: inajibu polepole na inavunjika ndani ya plastiki. Yenye zebaki usiisogelee kabisa. Ile ya kupimia homa kwenye paji la uso haimo kwenye orodha. Inaishia nyuzi arobaini na kitu.

Yoyote utakayonunua, ijaribu. Barafu iliyopondwa na maji kidogo, ikikorogwa, inapaswa kusoma 0. Maji yanayochemka yanasoma 100 ukiwa usawa wa bahari, na yanapungua nyuzi 1 hivi kwa kila mita 300 unazopanda. Ya infraredi ijaribu kwa barafu tu, kwani mvuke unaidanganya. Kisha kausha kijiti kabisa, pamoja na pale kinapoungana na mpini. Tone moja la maji ndani ya plastiki ya nyuzi 177 linageuka mvuke ghafla na kurusha plastiki moto usoni na mikononi. Utando unaobaki kwenye kijiti usiufute kungali moto. Acha upoe, uuvue kama soksi, kwa sababu ukiachwa ujikusanye unaifanya ncha ichelewe kusoma.