Toyota IST ya Umbo la Kwanza kama Gari la Kujifunzia: Tathmini kwa Mnunuzi wa Dar es Salaam

Mzazi au ndugu anayemtafutia gari mtu anayejifunza kuendesha huanza, karibu kila mara, na swali la mafuta: lita moja inakwenda kilomita ngapi? Ni swali la maana kwa mtu anayetoka Mbagala kwenda Posta kila siku, lakini kwa mwanafunzi lingekuwa la tatu au la nne, kwa sababu mwanafunzi haendi mbali. Atazunguka mtaani jioni na Jumapili asubuhi, na katika mizunguko hiyo atapanda ukingo wa barabara, ataruka tuta bila kupunguza mwendo, atakwaruza bampa kwenye nguzo ya geti na pengine ataacha saiti mira kwenye ukuta wa jirani. Gari lake lipimwe kwanza kwa gharama ya kulirudisha barabarani likiumia. Kwa kipimo hicho, gari ninalolipendekeza kwa mnunuzi wa Dar es Salaam mwenye fedha za kuhesabu ni Toyota IST ya umbo la kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, na hasa ile ya injini ndogo.

Gari hili lilijengwa juu ya msingi wa Vitz, na Marekani liliuzwa kwa jina la Scion xA. Zipo aina tatu, na njia ya kuzitofautisha bila kumtegemea muuzaji ni kufungua boneti na kusoma kibati cha chasisi. NCP60 ni ya cc 1,298, ambayo madalali huitangaza kama “cc 1290”. NCP61 ni ya cc 1,496. NCP65 ni ya injini hiyohiyo ya cc 1,496, ila magurudumu yote manne yanavuta. Kwa mwanafunzi, NCP60 inatosha kabisa, na NCP65 ningeiacha kwa mtu wa milimani, maana shafti na difu ya nyuma ni vitu vya kutunza ambavyo Kinondoni havina kazi. Injini zote mbili, 2NZ na 1NZ, hutumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, na giaboksi ni otomatiki ya kawaida ya gia nne ambayo mafundi wengi wanaifahamu. IST ya umbo jipya, iliyotoka 2007, inavutia zaidi kwa sura, lakini nyingi za cc 1,500 zina giaboksi ya CVT, yaani isiyo na hatua za gia, inayotaka mafuta yake maalumu, na fundi wa chini ya mwembe akiimiminia mafuta ya otomatiki ya kawaida kwa sababu ndiyo aliyonayo dukani, mwenye gari ajiandae kununua giaboksi nyingine.

Sababu kubwa ya kuichagua inaonekana katika maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani. Bampa, taa, fenda na saiti mira za mtumba kutoka Japani zimejaa, mara nyingi zikiwa na rangi ileile ya gari lako, kiasi kwamba gari lililokwaruzwa asubuhi linaweza kurudi nyumbani jioni bila kupita kwa mpiga rangi. Vipuri vya injini navyo havina shida, kwa kuwa injini hizo zimo pia katika Vitz, Probox, bB na Raum. Koili na plagi, pamoja na injini maunti, bushi na stabilaza linki ambazo matuta yetu huzila kwanza, vinapatikana vipya kwa madaraja mbalimbali ya ubora na bei. Wingi huo una upande wake mbaya, na mnunuzi aujue mapema: kitu kinachouzika haraka ndicho kinachoibwa haraka. Saiti mira na taa za IST zikilala nje bila ulinzi haziko salama, na ndiyo maana magari mengi mjini yamechorwa namba ya usajili kwenye kila kioo. Uchoraji huo ufanyike siku ya kwanza, kabla hata ya kununua kapeti za miguuni.

Kuna mambo mawili ya umbo lake ambayo sijaona yakitajwa katika matangazo, nayo ndiyo yaliyonifanya niipende kwa kazi hii. La kwanza ni kwamba mita ya mwendo iko katikati ya dashibodi, si nyuma ya usukani. Wengi huilalamikia, lakini kwa mwanafunzi ni faida, kwa sababu mwenye leseni ambaye sheria inamtaka akae kando yake anauona mwendo bila kuchungulia begani. La pili ni hendibreki, ambayo ni ya mkono na imewekwa katikati ya viti vya mbele, mahali ambapo mkono wa kulia wa aliyekaa kushoto unafika. Nikiwa nimekaa na mpwa wangu katika barabara ya vumbi ya mtaani kwetu, bajaji ilijitokeza kutoka uchochoroni, naye akaganda, mguu ukiwa haujaamua uende pedali ipi. “Mjomba!” ndilo neno pekee alilolitoa. Niliinua hendibreki taratibu, gari likajiburuta kidogo na kusimama, bajaji ikapita bila dereva wake kugeuza hata shingo. Katika baadhi ya magari madogo yenye kiti cha mbele kilichounganishwa, zikiwemo baadhi ya Passo, breki ya kuegeshea inakanyagwa kwa mguu upande wa dereva, na abiria hana la kushika.

Dosari zipo. Nguzo za nyuma ni nene na kioo cha nyuma ni kidogo, hivyo mwanafunzi hupata tabu kurudi nyuma kwenye maegesho, na afundishwe kutegemea vioo vya pembeni tangu mwanzo. Siti za nyuma ni finyu kwa watu wazima watatu. Mafuta, kwa kuwa lazima yasemwe, ni ya wastani: tarajia kati ya kilomita 10 na 13 kwa lita katika barabara zisizo na msongamano, na pungufu ya hapo foleni ikikaza.

Magari yanayoshindana nayo hayana budi kutajwa. Vitz ya zamani inatumia mafuta machache na kuegeshwa kwa urahisi zaidi, nayo ni chaguo la pili langu. Passo ya umbo la kwanza, iliyotoka 2004, huwa nafuu kwa bei, lakini injini yake ya cc 996 ina silinda tatu na hutikisika ikiwa imesimama, jambo ambalo humtia hofu mwanafunzi akidhani gari ni bovu. Honda Fit ya mwanzo ni gari zuri, ila nyingi zina CVT, na injini yake ya cc 1,300 ina plagi nane, yaani mbili kwa kila silinda. Fundi asiyelijua hilo atabadilisha nne na kukudai fedha za kazi nzima. Starlet ndiyo ningeichukua kama mwanafunzi analazimika kuzoea klachi, kwa sababu IST karibu zote zilizopo nchini ni otomatiki, na shule nyingi za udereva hufundishia gari la gia za mkono. Hata hivyo, Starlet ya mwisho kabisa ilitengenezwa 1999, na kupata ambayo haijachoka ni kazi ya subira.

Sasa kuhusu kununua kwenyewe, ambako ndiko fedha hupotelea. Sokoni IST hupangwa kwa namba: namba C, namba D, namba E, na kila herufi ina bei yake. Herufi hiyo, ya kwanza baada ya tarakimu kwenye kibao cha usajili, inaeleza gari lilisajiliwa Tanzania lini. Haielezi lilitengenezwa lini wala limetunzwaje. IST mbili za 2004 zinaweza kuwa moja namba C na nyingine namba D kwa sababu tu ya pili ilikaa Japani muda mrefu zaidi. Kwa upande wa shokapu na bushi, namba ya karibuni ina maana, kwa kuwa gari limekula matuta machache. Kwa upande wa injini na giaboksi, ningelipia namba C iliyotunzwa kabla ya namba D iliyofanyishwa kazi usiku na mchana.

Na nyingi zimefanyishwa kazi. Tangu Uber ilipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, IST imekuwa gari la teksi za mtandao kuliko gari lingine lolote ninaloliona barabarani. Muuzaji atasema lilikuwa la mama mmoja wa ofisini, kutoka nyumbani hadi kazini. Usibishane naye, angalia. Juu ya dashibodi au kwenye kioo cha mbele tafuta alama ya duara ya kishikizo cha simu. Vua kava za siti, hasa mpya, uone kitambaa cha siti ya nyuma kushoto, ambako abiria wa teksi hupenda kukaa. Shika usukani uone kama umelainika hadi kung'aa, kisha tazama raba ya pedali ya breki. Gari lenye kilomita 70,000 kwenye mita na raba iliyolika hadi chuma limesoma hesabu mbili tofauti, na ya raba ndiyo ya kweli.

Madalali wana msemo wao, “Bosi, hii gari haidai, njoo na fundi wako,” na mwaliko huo ukubaliwe jinsi ulivyo: nenda na fundi wako, wala si wa kwao. Omba gari lisiwashwe kabla hujafika, kisha weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, rudi siku nyingine. Geuza ufunguo bila kuwasha injini na utazame taa za dashibodi, ambazo zote zinapaswa kuwaka kwanza na kuzimika baadaye. Taa ya injini au ya earbegi ambayo haiwaki kabisa huenda imefichwa na mtu. Injini ya baridi ikiwashwa, simama nyuma ya ekzosi: moshi wa bluu ni oili inayoungua, ugonjwa unaozipata injini za NZ zilizocheleweshewa kubadilishiwa oili kwa miaka mingi. Kanyaga breki, hamisha gia kutoka N kwenda D na kutoka N kwenda R. Gari lijibu mara moja na bila kishindo. Likingoja au likipiga teke, giaboksi iko njiani kuondoka.

Rejeta ndiyo ninayoitazama kwa muda mrefu kuliko vyote, injini ikiwa bado ya baridi. Maji ya rangi ya kutu yanaonyesha kwamba gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba badala ya kulenti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, na mara nyingi thermostati, kifaa cha kudhibiti joto la injini, nayo itakuwa imetolewa na fundi aliyeamini kwamba kwa joto letu haihitajiki. Gari la namna hiyo huchelewa kufikia joto lake la kazi, hula mafuta zaidi na kuchakaza injini. Na kama liliwahi kuchemsha, gasketi ya silinda hedi iko mashakani. Mwisho wa ukaguzi, tazama bolti za fenda na za boneti. Zikiwa na mikwaruzo ya spana, paneli ilifunguliwa, na muuzaji ana deni la kueleza kwa nini.

Nyaraka zinahitaji uangalifu uleule, ingawa maelezo yake ni mafupi. Jina kwenye kadi ya gari lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, na uione kadi halisi, kwa sababu nakala peke yake inaweza kumaanisha kwamba kadi imewekwa rehani kwa mkopeshaji. Tumia namba ya usajili kuangalia faini za trafiki na deni la maegesho, maana vyote hufuata gari. Mkataba wa mauziano ufanyike mbele ya wakili, malipo yapite benki, na uhamisho wa umiliki TRA usiahirishwe hata kwa wiki. Kuhusu bima, bima ndogo humlipa mtu wa tatu tu. Anayetaka bima kubwa aulize kwa maandishi kama inamkinga mwanafunzi mwenye leseni ya kujifunzia, kwa sababu si kila mkataba wa bima unamtaja.

Mwenye milioni 10 asinunue gari la milioni 10. Nusu milioni hadi milioni moja na nusu ibaki pembeni kwa kazi za mwezi wa kwanza: oili ya injini na filta, mafuta ya giaboksi, kusafisha rejeta, kuweka kulenti na kurudisha thermostati, kisha pedi za breki. Matairi yasomwe tarakimu nne za mwisho ubavuni, ambapo 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kongwe hubadilishwa hata kama kashata zake bado ni ndefu. Bei ya IST ikipanda kupita uwezo, Vitz ya cc 1,000 yenye otomatiki ya gia nne itafanya kazi hiyohiyo. Kunyoosha bodi na kupiga rangi ningeviahirisha hadi leseni ya daraja D itakapotoka.